Tokeni Saa 5:05

Jumatatu, 7/7

Kwa jina la Mola naanza. Kaunta buku hili kanipa mwanangu Rumaitha, aliposhuka gari jana kutoka bandarini Mkoani na begi lake la chuo. Chuoni kwao Unguja kila mwanafunzi anayekwenda fildi lazima aandike kila siku alichofanya. Nikamwambia, basi nami ntaandika langu, tuone la nani litajaa mwanzo. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mie ni Zuweina, mkulima wa mwani hapa Micheweni. Nimesoma hadi fomu tuu, na hati yangu ya mkono hadi leo watu huisifu. Tangu marehemu baba yake alipotangulia tuko wawili tu, mie na Rumaitha. Anasoma kompyuta, mwaka wa mwisho wa diploma. Mtaani kwetu hakuna mwengine. Naliandika hilo mapema, mchwa wakila kurasa nyengine hili nishalisema.

Jumanne, 8/7

Kazi yake ya fildi ni kijisanduku. Kina kioo kidogo cha mistari miwili, mwanga wake wa kijani kama maji ya kina kifupi jua linapopiga. Kitatundikwa ndani ya banda letu la mwani, ukutani, karibu na mizani. Mstari wa juu utasema maji yatakupwa saa ngapi. Wa chini utatwambia tutoke saa ngapi, kabla maji hayajarudi kujaza mkondo. Saa za maji kazinukuu kutoka kitabu cha bandari, na saa ya Kizungu kaigeuza ikawa yetu.

Sie tuliozaliwa hapa twahesabu mwezi, bamvua la maji makubwa na maji mafu yasiyokupwa mbali tumeyanyonya na maziwa. Lakini yupo Konsolata, mke wa Mwalimu Heriel anayesomesha hesabu skuli. Kwao ni bara, milimani, na kuogelea hajui. Kaingia kikundi chetu masika haya, na kwa vile viwanja vya karibu vilishakwisha, kapewa ng'ambo ya mkondo. Kila siku huniuliza, "Mama Rumaitha, nitoke sasa?" mpaka mwenzetu wa kikundi Bi Laila humwambia, "Weye, bahari si mumeo, haikuiti."

Leo nimemshika mkono. "Usiogope tena. Mwanangu anakutengenezea kitu. Kikisema kaa, kaa. Kikisema toka, toka."

Alhamisi, 10/7

Nimekaa nyuma yake anaandika. Nilidhani kompyuta ni kubofyabofya, kumbe ni kuandika barua kwa mtu asiyejua kusamehe.

Nikamuuliza lugha gani hiyo. Akasema, "Ya C, mama," na kuitamka ni si. Bi Laila, jirani yangu wa mlango kwa mlango, alikuwa kaja kuomba chumvi. Akasema, "Lugha ya si? Si Kiswahili, si Kiarabu, basi ni nini?"

Rumaitha kanionesha mstari mmoja, nami naueleza nilivyouelewa. Sentensi inayotokea kwenye kioo huandikwa na mapengo ndani yake, kama mtihani wa jaza nafasi zilizo wazi. Kila pengo huanza kwa alama ya asilimia, kisha herufi ya kusema nani atakaa hapo. Ikiwa d, ni namba nzima. Ikiwa s, ni maneno. Ikiwa f, ni namba yenye nukta. Halafu baada ya sentensi huwataja wageni kwa mpango, wa kwanza anakaa pengo la kwanza, wa pili la pili.

"Kama karamu," nikasema. "Umeweka sahani, kisha unaita majina."

Akaniangalia. "Mwalimu wetu hajawahi kulieleza hivyo."

Sifa hiyo nimeiandika hapa kama alivyoisema, neno kwa neno.

Alasiri nililala kidogo, na zile alama zikanijia. Asilimia ni vishada viwili vya mwani na kijiti katikati yao. Nilikuwa naziona zimetandwa baharini safu kwa safu, maji yanapita ndani yake polepole, kila moja inangoja jina.

Ijumaa, 11/7

Maji mazuri. Mwani umenawiri. Konsolata kavuna magunia mawili.

Jumamosi, 12/7

Kijisanduku kimetundikwa. Niliwaita wote, hata wasiolima. Nikasimama mbele, nikasema maneno machache kuhusu elimu, kisha machache mengine kuhusu uzazi wangu. Rumaitha akawasha.

Kioo kikaandika: KUPWA SAA 1073741.

Bi Laila: "Hiyo saa ya Kiyama. Twende tukatie udhu."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakashika chanja za kuanikia. Mie nilitamani mchanga unimeze. Rumaitha kazima, kakaa na kompyuta yake juu ya gunia. Baada ya robo saa akaniita pembeni. "Nimeweka sahani, mama, nikasahau kumtaja mgeni."

"Sasa nani kakaa pale?"

"Yeyote aliyekuwa akipita. Mashine haiachi sahani tupu. Hukamata chochote kilichokuwa kimelala kwenye kumbukumbu yake ikakikalisha."

Basi nikawaeleza wote, kwa sauti, kwamba yule alikuwa mpita njia. Hawakuelewa. Mie nilielewa.

Jumatatu, 14/7

Kimetengemaa. Kinasema saa, na pembeni kinaonesha betri imebaki asilimia ngapi. Hiyo nayo ina kisa. Alama ya asilimia ni ya kufungulia mapengo, kwa hiyo ukiitaka yenyewe itokee kwenye kioo lazima uiandike mara mbili. Kama Bi Laila, hodi ya kwanza hasikii.

Jumanne, 15/7

Leo nina uchungu, sitaki hata kuandika, lakini Rumaitha anaandika lake, nami siwezi kushindwa.

Kioo kimesema: TOKENI SAA 8:07. Bi Laila hakusoma sana lakini namba anazijua. Akasimama mbele yake, mkono kiunoni. "Zuweina, hii hapa kati ni nini?"

"Sifuri."

"Aa. Basi miaka mitatu Unguja, kaja kututundikia sifuri."

Wakacheka. Si kicheko kibaya, nawajua, walikuwa wamechoka na wanataka la kuchekea. Lakini mie lile neno lina mahali pake. Mtihani wa fomu tuu hesabu nilipata sifuri. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, na siku ile ndiyo ya mwisho mie kuvaa sare. Bi Laila alikuwapo, alikuja kumchukua mdogo wake. Hajasahau, na mie sijasahau kwamba hajasahau.

Nyumbani nikamwambia Rumaitha aitoe.

"Mama, ile inashika nafasi. Nimeiambia mashine dakika zichukue nafasi mbili, na zikipungua ijaze kwa sifuri."

"Mtu mzima hasemi saa nane na sifuri saba. Ile husemwa na nani?"

"Haisemwi, mama. Husomwa."

"Haina thamani. Iko mbele, haiongezi kitu. Hata mie wa fomu tuu najua hilo."

Nikasema neno ambalo mama hapaswi kulitumia kwa jambo dogo. Nikasema, "Kama wataka radhi yangu, iondoe."

Jumatano, 16/7

Kaiondoa. Nilimwona. Pale penye asilimia, sifuri, mbili, d, kafuta herufi mbili tu, ikabaki asilimia na d. Sekunde moja.

Kioo sasa kisafi. Nimefurahi.

Jumapili, 20/7

Maji mafu. Hatwendi mbali. Nimesuka ukili mlangoni huku Rumaitha anaimba ndani, sauti ya baba yake kabisa. Niliacha kusuka nikasikiliza, siku ikapita hivyo hivyo, nyeupe, kama siku ya mtu mwengine.

Ijumaa, 25/7

Bamvua la mwezi mchanga. Kutoka ufukweni kundi letu linaonekana kama herufi zilizomwagika juu ya maji, na nikikodoa naweza kulisoma. Konsolata siku hizi haniulizi tena. Hutazama kioo asubuhi, huenda zake, hurudi. Leo kapita na gunia kichwani anatembea kama mzaliwa.

"Unaona?" nikamwambia Bi Laila.

"Naona. Zamani alikuwa akitazama maji."

Wivu.

Jumamosi, 2/8

Taitai za kufungia mwani zimekwisha. Tumesokota za kanga kuukuu.

Jumamosi, 9/8

Leo ntaandika yote.

Bamvua la mwezi mpevu, maji yalikupwa mbali asubuhi. Mie sikuingia, nilikuwa na mzigo wa kuanika. Saa tano ilipogonga wanawake wa karibu walishaanza kutoka, mmoja mmoja, kanga zimeganda miguuni. Sikuhesabu. Nilikuwa nawasimulia wanunuzi wawili wageni habari za Rumaitha, nimeshafika siku aliyozaliwa.

Bi Laila ndiye aliyesema, taratibu tu, "Yule mbona yuko kule?"

Nikageuka. Ng'ambo ya mkondo, Konsolata kainama anafunga mwani. Maji ya nyuma yake yalikuwa yamekwisha kubadilika rangi. Hata hakuinua kichwa. Mtu mwenye muda wake.

Tuliita. Upepo wa kusi ulikuwa unatupiga usoni, sauti zetu zikaturudia wenyewe. Bi Laila akanyakua madumu mawili matupu, akayafunga kwa kamba ya mwani, akaingia. Ana miaka sitini na tatu. Nikamfuata. Mkondoni maji yalinifika kifuani, na yale yanayosukuma wakati wa kujaa hayana huruma, ni kama umati unaotoka msikitini wote kwa pamoja na weye ndo unaingia.

Alipotuona alishtuka, akaanza kuja mbio. Hapo ndipo alipopotea. Alikanyaga ukingo akaingia mkondoni mzima, gunia na yeye. Nikaona kilemba chake cheupe, kisha nikaona maji matupu, kijani, mazuri, yametulia. Sijawahi kuogopa kitu kizuri namna ile.

Bi Laila kampata kwa kanga. Hakumvuta yeye, alimsukumizia dumu chini ya kwapa, akamwambia kwa sauti ya kumkemea mtoto, "Kumbatia. Usipige miguu. Kumbatia nasema." Tukarudi hivyo, wazee wawili na madumu mawili, mpaka wenzetu wakatufikia na kutupokea.

Kalazwa mchangani, akatapika maji. Mguu umechanwa na matumbawe kutoka goti hadi kifundo. Rumaitha alimshika kichwa. Na Konsolata, kabla hata ya kulia, akauliza, kama mtu anayedai haki yake:

"Mbona kilisema saa tano na nusu?"

Wanawake wakakimbilia bandani. Nami nikaenda, nikijua tayari, maana moyo hufika kabla ya miguu. Kioo kilikuwa kimeandika:

TOKENI SAA 5:5

Na pembeni yake, umbali wa mkono mmoja tu, mizani yetu ambayo kila siku hutuandikia kilo. Ikiandika 5.5 twasema nini? Tano na nusu. Miaka yote twasema tano na nusu. Kilikusudia saa tano na dakika tano.

Jumapili, 10/8

Konsolata kalazwa. Mguu umeshonwa.

Jumatatu, 11/8

Mkutano bandani. Mwalimu Heriel alikuja, hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema, "Mke wangu aliamini ukuta." Wakataka kijisanduku kishushwe, kikashushwa. Rumaitha akasimama. "Kosa langu mie. Nisameheni." Hakusema lengine. Hakunitazama hata mara moja, asije mtu akafuata macho yake.

Nami nilikaa.

Jumatano, 13/8

Nilikaa.

Ijumaa, 15/8

Nimepeleka uji hospitali. Konsolata kanishukuru. Kasema, "Mama Rumaitha, mwanao asilie sana, ni bahati mbaya." Nilirudi kwa miguu, gari zilinipita sikuziona. Njiani nilikuwa naongea na ile sifuri. Ilikuwa inaelea mbele yangu, duara jepesi, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema o.

Jumapili, 17/8

Nimemuuliza, "Kitabu chako cha fildi umeandika nini siku ile?"

"Nimeandika nilisahau."

"Uongo huo."

"Uongo mdogo, mama. Wa radhi."

Anakuja mwalimu wake kutoka chuo Jumatano. Akimfelisha fildi, anarudia mwaka. Mwaka mzima kwa herufi mbili.

Jumatano, 20/08

Mwalimu Othman ni kijana bado, miwani, viatu vimejaa mchanga na hakujali. Kikundi chote kilikuwepo bandani, na Mwalimu Heriel, na Konsolata na mguu wake juu ya gunia. Mwalimu kafungua kompyuta ya Rumaitha, akapita mistari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Asilimia d, nukta mbili, asilimia d," akasema. "Rumaitha, hili la sifuri nilikusomesha mwaka wa kwanza."

"Ndiyo, mwalimu. Nilisahau."

Kalamu yake ilikuwa nyekundu. Niliitazama inashuka kwenye karatasi, na nikaliona lile darasa langu la fomu tuu, madirisha yake, na sare yangu.

"Hakusahau," nikasema.

Rumaitha akasema, "Mama."

"Aliiweka tangu siku ya kwanza, nyote mliiona. Bi Laila aliicheka, nami nikaona haya. Nilipata sifuri ya hesabu nikiwa msichana, nikadhani imerudi kunitafuta. Nilimwambia mwanangu aitoe. Alikataa. Nikamwekea radhi yangu juu yake. Konsolata, aliyekuzamisha ni mie. Na siku ya mkutano nilikaa hapo hapo nikamwacha abebe."

Konsolata alinitazama muda mrefu, kisha akatazama mguu wake. Sitaandika alichokuwa nacho usoni, ni chake.

Bi Laila ndiye aliyefuata. "Na mie nilicheka. Andika na hilo, mwalimu."

Mwalimu Othman akakiwasha kijisanduku pale karibu na mizani, akaandika 5:5 kwenye kioo, akamwomba kila mtu asome. Mmoja mmoja, wote: tano na nusu. Hata Mwalimu Heriel wa hesabu, jicho lilipita kwenye mizani kwanza, akasema tano na nusu, kisha akajishika kipaji cha uso.

"Mama," Mwalimu Othman akaniambia, "mtumiaji ana haki ya kuomba chochote. Anayejua kwa nini kisifanywe ni mtengenezaji." Akamgeukia Rumaitha. "Nitakupunguzia alama. Si kwa kusahau, kwa sababu hukusahau. Kwa kukubali. Andika upya ripoti, kila neno kama lilivyotokea, ndipo nitie saini."

"Ntafaulu, mwalimu?"

"Ripoti ya kweli hufaulu. Ile ya kwanza ningeifelisha."

Alipokwisha kuondoka, Rumaitha kanikalisha mbele ya kompyuta. Kanionesha pahala. Kidole changu kina magamba ya chumvi, kilikuwa kinateleza. Nikaandika sifuri. Nikaandika mbili.

Jumamosi, 23/08

Kijisanduku kimerudi ukutani, na mizani tumeihamishia ukuta wa pili. Hiyo ya kuhama kaipendekeza Konsolata. Kaja anachechemea. Kasema haingii majini mpaka mguu upone, na akiingia atatazama kioo, kisha atatazama maji, kisha atamtazama Bi Laila.

"Mie bei yangu ghali," Bi Laila akamwambia, akamsogezea kigunia akalie. Kisha akanigeukia, mbele ya wote: "Haya, Bi Sifuri, tusomee."

Nikasoma. "Kupwa saa tatu na dakika arubaini na mbili. Tokeni saa tano na sifuri tisa."

"Watu wazima hawasemi hivyo."

"Mie nasema."

Sasa wananiita hivyo wote, hadi watoto wa madrasa. Bi Sifuri. Mtaani kwetu hakuna mwengine.

Jumapili, 31/08

Rumaitha kaniamkia kwa kubusu mkono, kwa muda mrefu. Nikamwambia radhi yangu haina sharti tena, aichukue yote. Akasema begi limejaa. Nikamwambia hiyo haina uzito.

Jumatatu, 01/09

Kaondoka na gari ya kwanza ya Mkoani. Saini kapata. Daftari lake limejaa, langu bado, kanishinda, na ndo nilivyotaka.

Mchana nimepika wali na mchuzi wa pweza. Kwa mazoea nimetoa sahani mbili. Moja nimekula. Nyengine nimeiacha pale pale, tupu, mahali pake.